Pabu za Kale za Australia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Waswahili wanaoishi Perth, Melbourne, Brisbane na Adelaide si wachache tena: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Ni vigumu kukaa kule mwezi mzima bila kupita mbele ya jengo la kona lenye ghorofa mbili, veranda yenye vyuma vya urembo, na jina kubwa la hoteli limeandikwa juu ukutani. Ndani watu wanakunywa bia, wanakula, wanatazama mpira. Maswali yanayonijia kuhusu majengo haya yanafanana, na majibu yake mengi yanarudi pale pale: sheria. Mlango, kuta, jina, hata idadi ya vitanda vilivyoko ghorofani, karibu kila kitu kiliamuliwa na sheria ya pombe ya mwaka fulani.

Pabu ni kitu gani hasa? Si baa tu?

Baa ni chumba kimoja cha pabu. Pabu ya kale ilikuwa na baa ya umma, yaani chumba cha kaunta ndefu ambako waliingia wanaume peke yao. Ukumbi wa kukaa wenye viti vya starehe na bei ya juu kidogo. Chumba cha kulia chakula. Vyumba vya kulala juu. Na ua wa nyuma wenye zizi la farasi. Mwenye leseni aliishi humo humo na familia yake.

Katika mji mdogo pabu ilifanya kazi ya ukumbi wa wananchi. Mikutano ya uchaguzi ilifanyika humo, vyama vya wafanyakazi vilikutana humo, minada iliendeshwa humo. Karne ya 19, mtu akifa kifo cha ghafla, uchunguzi wa kifo mara nyingi ulifanyika pabu. Hapo ndipo palikuwa na chumba cha kutosha watu, na pishi lenye ubaridi wa kuhifadhi maiti kwa muda. Kwa hiyo meza ile ile iliyobeba bia jana, leo iliwekwa mbele ya mchunguzi wa vifo na mashahidi wake.

Kwa nini nyingi zinaitwa hoteli na wengi wanaoingia hawalali?

Sheria ya leseni katika makoloni ya Australia ilimtaka mwenye kuuza pombe awe pia na vyumba vya wageni na chakula. Nchi ni pana, wasafiri walikuwa wengi, na serikali haikuwa na nyumba za wageni. Ikampa mfanyabiashara haki ya kuuza pombe, naye akabebeshwa wajibu wa kumpokea msafiri na farasi wake. Sharti hilo lililegezwa baadaye, jina likabaki. Mpaka leo ukiona hoteli ya zamani kwenye kona ya mtaa, uliza kwanza kama wana vyumba. Nyingine bado wanavyo, hasa miji ya bara, na bei yake huwa nafuu: kitanda, bafu la pamoja mwisho wa korido, na mlango wa kutokea verandani.

Zilianza lini?

Waingereza waliwashusha wafungwa Sydney mwaka 1788, na pombe ilishuka nao. Kwa miaka mingi ramu ilitumika kama fedha. Sarafu zilikuwa adimu, maofisa wa jeshi walihodhi shehena za meli, na kibarua aliweza kulipwa ramu badala ya shilingi. Gavana William Bligh alipojaribu kuikata biashara hiyo, na kugombana na wakubwa kwa mambo mengine pia, wanajeshi walimkamata na kumpindua tarehe 26 Januari 1808.

Leseni za kwanza za kuuza pombe zilitolewa na Gavana John Hunter mwaka 1796. Hesabu yake ilikuwa kwamba kuuza kwa leseni ni afadhali kuliko kuuza kwa magendo. Katika waanzilishi, ninayempenda kumtaja ni James Squire. Alifika na msafara wa kwanza wa meli akiwa mfungwa, kosa lake kuiba kuku. Alipomaliza kifungo alipata ardhi Kissing Point, kando ya Mto Parramatta, akafungua kiwanda cha bia na pabu, akalima hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, zao lililokuwa likiagizwa kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1822 alikuwa miongoni mwa watu wenye heshima zao katika koloni.

Ni kweli kuna hospitali iliyojengwa kwa ramu?

Kweli kabisa. Gavana Lachlan Macquarie alikuta Sydney haina hospitali ya maana, na London haikutaka kutoa fedha. Mwaka 1810 akaingia mkataba na wafanyabiashara watatu: wao wajenge hospitali, naye awape haki ya peke yao ya kuingiza galoni 45,000 za ramu, sawa na lita zaidi ya 200,000. Hospitali ilikamilika 1816. Mabawa yake mawili yamesimama hadi leo kwenye Mtaa wa Macquarie; moja ni sehemu ya Bunge la New South Wales.

Pabu kongwe kuliko zote ni ipi?

Hili ni swali la kugombanisha watu, na sababu ni kwamba kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Wapo wanaohesabu mwaka wa jengo, wapo wanaohesabu mwaka wa leseni, wapo wanaotaka leseni ambayo haijawahi kukatika.

Hope and Anchor ya Hobart inahesabu tangu 1807. Macquarie Arms ya Windsor, nje ya Sydney, na Bush Inn ya New Norfolk kule Tasmania zote zinataja 1815. Mjini Sydney, katika mtaa wa The Rocks, Fortune of War inajivunia 1828, Lord Nelson inahesabu leseni yake tangu 1841 na Hero of Waterloo tangu 1843. Fortune of War ilijengwa upya miaka ya 1920, kwa hiyo mwenye kupenda mawe ya kale atazipa hizo nyingine mbili nafasi ya kwanza. Mimi nina upande: kwangu jengo lenyewe lina uzito kuliko karatasi ya leseni, maana jengo ndilo linalokuonyesha watu waliishije.

Dhahabu ilibadilisha nini?

Ilibadilisha karibu kila kitu. Dhahabu ilipopatikana mwaka 1851 New South Wales na Victoria, watu walimiminika kutoka pande zote za dunia. Mwanzoni serikali ya Victoria ilikataza kuuza pombe ndani ya machimbo yenyewe. Matokeo yake yalikuwa mahema ya magendo kila upande, na polisi wanaokula rushwa. Marufuku ilipoondolewa, hoteli za mbao zikaota Ballarat na Bendigo kwa kasi.

Moja ya hizo iliingia katika historia ya taifa. Oktoba 1854 mchimbaji aitwaye James Scobie aliuawa usiku karibu na Hoteli ya Eureka, Ballarat. Mwenye hoteli, James Bentley, alishukiwa, lakini mahakama ya kwanza ikamwachia, na watu wakasema hakimu ni rafiki yake. Tarehe 17 Oktoba umati ulikusanyika ukaichoma hoteli ikateketea. Bentley alishtakiwa upya akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, ila hasira ilikuwa imeshavuka kesi yake. Wachimbaji walikuwa wamechoshwa na ada ya kila mwezi ya leseni ya kuchimba na msako wa polisi. Tarehe 3 Desemba askari waliivamia ngome yao ya magogo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wengi huhesabu siku ile kuwa mwanzo wa madai ya kura kwa kila mwanamume katika Victoria.

Fedha za dhahabu ndizo zilizojenga pia zile hoteli za fahari zenye ghorofa na minara. Ukitaka kuziona kwa wingi nenda Kalgoorlie, Australia Magharibi, ambako dhahabu ilipatikana 1893. Hoteli ya Palace pale ilifunguliwa 1897.

Na kule bara, kusiko na miji?

Huko pabu ilifuata barabara. Kampuni ya magari ya farasi ya Cobb & Co, iliyoanzishwa 1853, ilibadilisha farasi kila baada ya kilomita ishirini hadi thelathini hivi, na kwenye kituo cha kubadilisha farasi palizuka nyumba ya wageni. Reli ilipokuja, vituo vingi vilikufa. Ndiyo sababu leo unaweza kukuta pabu imesimama peke yake nyikani, mji wake haupo tena.

Kuna desturi moja ya kule ambayo ni lazima isemwe, ingawa haipendezi. Wakata manyoya ya kondoo na wachunga ng'ombe walikaa miezi mashambani bila mshahara mkononi, kisha wakalipwa yote kwa hundi moja. Pabu ya kwanza njiani, mtu alimkabidhi mwenye nyumba hundi yake na kumwambia: nijulishe itakapokwisha. Akanywa, akanywesha waliokuwepo, siku mbili, siku nne, wiki. Hesabu iliwekwa na mwenye nyumba peke yake, na mlevi hana namna ya kuikagua. Asubuhi moja anaambiwa hundi imekwisha; kama mwenye nyumba ana utu, anampa chupa ya njiani na kumwonyesha barabara. Jasho la msimu mzima limekwenda. Walikuwapo waaminifu, lakini wizi huu ulijulikana na kila mtu, na chama cha wafanyakazi wa manyoya kilipoanza kujijenga miaka ya 1880, ulevi wa hundi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaumiza wanachama wake.

Pabu maarufu ya nyikani ni ile ya Birdsville, iliyojengwa 1884, karibu na mpaka wa Queensland na Australia Kusini. Mji una wakazi wapatao mia moja tu, lakini mbio za farasi zilizoanza 1882 huwaleta maelfu.

Nani waliziendesha? Wanaume watupu?

Hapana, na hapa watu wengi hushangaa. Tangu mwanzo wanawake walishika leseni, hasa wajane. Mahakimu waliamini kwamba nyumba yenye mama mwenye nyumba itakuwa na usafi na utulivu, na kwa mwanamke asiye na mume hii ilikuwa njia adimu ya kuwa na biashara yake na paa la watoto wake.

Ann Jones ni mmoja wao. Nyumba yake ya wageni Glenrowan, Victoria, ndiyo jambazi Ned Kelly aliyoichagua mwaka 1880 kuwafungia mateka. Alfajiri ya tarehe 28 Juni polisi waliimiminia risasi nyumba hiyo ya mbao huku watu wamelala kifudifudi ndani. Mwanawe Ann, kijana wa miaka 13, alipigwa risasi akafa. Kisha polisi wakaichoma nyumba. Ned Kelly na vazi lake la chuma anajulikana dunia nzima; mama aliyepoteza mtoto na riziki asubuhi ile hutajwa mara chache mno.

Wahudumu wa kike nao walikuwa nguzo ya kaunta. Wapinzani wa pombe walidai kwamba wasichana hao wanawavuta vijana kunywa, na mwaka 1908 Australia Kusini ikapitisha sheria ya kuzuia wapya wasiajiriwe. Victoria ilifuata kwa masharti yake mwaka 1916. Aliyenyimwa kazi kwa sheria hizo ni msichana, si mlevi.

Kwa nini kuta za pabu nyingi zina vigae kama bafuni?

Vigae vilikuwapo tangu zamani kwa urembo, lakini vilienea kwa sababu ya saa kumi na mbili jioni.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vyama vya kupinga pombe, vingi vya kikanisa, vilidai pabu zifungwe mapema kwa heshima ya askari walioko vitani. Februari 1916 maelfu ya askari waliokuwa mafunzoni karibu na Sydney waligoma, wakavamia pabu, wakafanya fujo mjini, na mmoja akauawa kwa risasi kituo kikuu cha reli. Hoja ikapata nguvu. Mwaka huo huo Australia Kusini, New South Wales, Victoria na Tasmania zote zikaamuru kaunta zifungwe saa kumi na mbili jioni. Ilisemwa ni kwa muda wa vita. Tasmania iliacha 1937, New South Wales 1955, Victoria 1966, Australia Kusini 1967.

Sasa fikiria mfanyakazi anayetoka kiwandani saa kumi na moja. Ana saa moja. Wanaume mia wanasukumana mbele ya kaunta moja, kila mmoja ameshika glasi mbili, mhudumu anatembea na bomba refu lenye koki kama bastola akijaza glasi pale zilipo, hakuna kwenda kuzisuuza. Kengele inapokaribia kupigwa mtu anaagiza tatu kwa mpigo azimalize wima. Wengine walitapika hapo hapo walipokuwa wamesimama. Halafu wote wanatupwa barabarani kwa pamoja, wamelewa chakari, saa ya chakula cha jioni, kuelekea kwa wake na watoto wao.

Wenye pabu walifuata faida. Waling'oa meza za bilidi, wakaondoa viti, wakarefusha kaunta, wakabandika vigae kutoka sakafuni hadi kifuani ili baada ya kufunga wapige maji ya mpira na kufagia. Hicho ndicho unachokiona ukutani leo. Mchoraji John Brack alichora baa ya Melbourne ya wakati huo mwaka 1954: wanaume wenye nyuso za rangi ya udongo wamejaa nyuma ya mhudumu wa kike, na saa ukutani inakaribia kumi na mbili. Nami naona sheria hii ilifanya madhara kuliko mema. Iliwafundisha vizazi viwili vya wanaume kunywa haraka, wamesimama, mbali na familia zao.

Wanawake waliruhusiwa kuingia lini?

Nyuma ya kaunta walikuwepo siku zote. Mbele ya kaunta ndipo palipokuwa na taabu. Mwanamke mteja alipelekwa kwenye chumba cha pembeni, mara nyingi chenye mlango wake, na kinywaji kikauzwa ghali zaidi. Nyingine zilikuwa na kidirisha cha kumpitishia glasi yake asionekane.

Tarehe 31 Machi 1965, Merle Thornton na Rosalie Bogner waliingia baa ya umma ya Hoteli ya Regatta, Brisbane, wakaomba kinywaji, wakanyimwa. Wakajifunga kwa mnyororo kwenye chuma cha kuwekea miguu chini ya kaunta. Polisi waliitwa, baadhi ya wanaume waliokuwepo wakawanunulia bia. Picha zao zilienea nchi nzima. Queensland ilibadili sheria yake mwaka 1970, na Regatta ipo hadi leo, ukingoni mwa Mto Brisbane.

Na Waaborijini, wenye nchi?

Kwao mlango ulifungwa kwa sheria, si kwa desturi tu. Kila koloni, na baadaye kila jimbo, lilikuwa na kifungu cha kukataza kumuuzia Mwaborijini pombe. Australia Magharibi ilianzisha mwaka 1944 cheti cha uraia ambacho Mwaborijini alipaswa kukiomba na kukionyesha ili apate haki za kawaida, pamoja na kuingia pabu. Wenyewe walikiita leseni ya mbwa, na mtu aliweza kunyang'anywa.

Kisa cha Albert Namatjira hakisahauliki. Alikuwa Mwarrernte, mchoraji wa mandhari ya katikati ya Australia, picha zake zikitundikwa katika nyumba nyingi za wazungu. Mwaka 1957 yeye na mkewe walipewa haki kamili za uraia, jambo ambalo jamaa zao hawakuwa nalo. Kwa mila za kwao, ulicho nacho unagawana na ndugu. Sheria ikasema akigawana pombe na ndugu, ni mhalifu. Alihukumiwa kifungo kwa kosa hilo, akatumikia miezi miwili, na akafariki Agosti 1959, muda mfupi baada ya kutoka. New South Wales ilifuta marufuku yake 1963, na majimbo mengine yakafuata. Hata baada ya hapo, katika miji mingi ya bara mteja mweusi aliendelea kuhudumiwa kidirishani au kuambiwa hakuna nafasi. Wazee waliokumbana na hayo bado wako hai. Mtu akikusimulia kwamba pabu ya zamani ilikuwa nyumba ya kila mtu, mkumbushe.

Adabu ya kununua raundi ikoje?

Mkikaa wanne, mmoja anasimama kuwanunulia wote. Glasi zikikaribia kwisha, wa pili anasimama, mpaka mzunguko umalizike. Anayekunywa raundi za wenzake akaondoka kabla ya zamu yake hasahauliki, na sifa hiyo itamfuata kazini. Si ofa kama tunavyoijua, ya mwenye nacho kuwanywesha asiye nacho. Hapa bosi na kibarua wako sawa, na kila mmoja hulipa zamu yake. Kama huwezi kwenda mwendo wao, sema mapema kabla hujanunuliwa ya kwanza kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayeudhika.

Glasi zina majina na ukubwa tofauti kila jimbo. Nisichanganyikiwe vipi?

Kumbuka namba mbili: mililita 285 na mililita 425. Mjini Melbourne na Brisbane glasi ya 285 ni pot. Sydney na Perth ni middy. Ile ya 425 ni schooner Sydney. Ukifika Adelaide mambo yanageuka: schooner ni 285, na ukiomba pint utapewa 425, wakati kwingine pint ni 570. Glasi ndogo zilipendwa kwa sababu ya joto. Bia humalizika kabla haijapoteza ubaridi.

Wanakula nini humo?

Chakula cha kaunta: nyama ya kuchoma, soseji na viazi vya kuponda, samaki na chipsi, na zaidi ya vyote parmigiana, yaani kifua cha kuku kilichopondwa, kikavingirishwa kwenye chenga za mkate, kikakaangwa na kufunikwa kwa mchuzi wa nyanya na jibini. Juu yake mara nyingi huwekwa hamu, ambayo ni nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyeila aseme wakati wa kuagiza. Ijumaa jioni pabu nyingi huchezesha bahati nasibu ya nyama: unanunua tiketi, ukibahatika unaondoka na sinia la nyama mbichi, na fedha huenda kwa timu ya mtaa au shughuli ya jamii.

Muziki wa rock wa Australia ulitokea pabu kweli?

Ndiyo. Saa za kufunga ziliposogezwa mbele, wenye pabu za viungani walibaki na kumbi kubwa zisizo na watu. Miaka ya 1970 na 1980 wakaleta bendi. AC/DC, Cold Chisel na Midnight Oil walikomaa humo, mbele ya wateja waliosimama karibu, wenye kiu na wasio na subira. Ukizembea, wanarudi kaunta. Ndiyo maana muziki ule ni wa sauti kubwa na hauna utangulizi mrefu.

Ile picha ya mwanamke uchi Melbourne ina kisa gani?

Ni Chloé, kazi ya Mfaransa Jules Lefebvre ya mwaka 1875. Ilioneshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Melbourne 1880, ikanunuliwa na daktari wa mjini humo. Mwaka 1883 ilipotundikwa jumba la sanaa la taifa, ambalo wakati huo lilifunguliwa hata Jumapili, wacha Mungu walilalamika mpaka ikaondolewa. Tangu 1909 iko Hoteli ya Young and Jackson, mbele ya kituo cha reli cha Flinders Street. Askari wa vita vyote viwili walipita kuiaga kabla ya kupanda meli.

Mimi sinywi pombe. Naruhusiwa kuingia?

Ingia bila wasiwasi. Agiza soda, kahawa au chakula; hakuna atakayekuuliza. Watoto huruhusiwa sehemu ya chakula wakiwa na wazazi, na pombe huuzwa kwa waliotimiza miaka 18. Jihadhari na kitu kimoja: mashine za kamari. Katika majimbo mengi zimewekewa chumba chake ndani ya pabu, na zimefilisi familia nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri. Australia Magharibi haziruhusiwi katika pabu kabisa.

Wasiokunywa wana historia yao pia. Miaka ya 1880 wapinzani wa pombe walijenga hoteli za fahari zisizo na pombe, zikiitwa kasri za kahawa. Mwanasiasa James Munro aliinunua moja ya hoteli kubwa za Melbourne mwaka 1886 na kuichoma leseni yake ya pombe hadharani. Haikudumu, 1897 leseni ilirudi, na hoteli hiyo leo ni Windsor.

Zinalindwa?

Baadhi. Miaka ya 1970 serikali ilipotaka kuubomoa mtaa wa The Rocks ijenge maghorofa, wakazi waliungana na chama cha wafanyakazi wa ujenzi kilichoongozwa na Jack Mundey. Mafundi walikataa kubomoa. Pabu za mawe unazoziona pale zipo kwa sababu ya vibarua waliokubali kukosa mshahara.

Lakini karatasi ya kulinda jengo haizuii tingatinga. Oktoba 2016 pabu ya Corkman, Carlton, jengo la miaka ya 1850, ilibomolewa wikiendi moja bila kibali. Wamiliki walitozwa faini, ila matofali hayarudi.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya Renmark, Australia Kusini. Mji huo ulianzishwa kama makazi yasiyoruhusu pombe, magendo yakashamiri, na mwaka 1897 wananchi wakaamua hoteli iwe mali ya jamii nzima. Faida yake huenda kwenye mahitaji ya mji, na hoteli ingali wazi.

Nina mchana mmoja tu Sydney. Nianzie wapi?

Shuka Circular Quay, kituo cha treni na feri bandarini, tembea hadi The Rocks. Anza na Fortune of War iliyoko Mtaa wa George, kisha panda kwa miguu hadi Hero of Waterloo, Lower Fort Street, na umalizie Lord Nelson kwenye Mtaa wa Kent, wanakotengeneza bia yao humo humo. Ni mwendo mfupi. Kwenye hizo mbili za mwisho, angalia mawe ya ukutani kwa karibu: mikato ya patasi bado inaonekana. Ukiwa na nafasi, nenda siku ya kazi kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo watu wa maofisini wanajaa na mhudumu hatakuwa na muda wa kukujibu maswali.